Kibanio Kimejipinda, Ua Limebanduka: Tafuta Chanzo Kwenye Kipande

Pita Mwanjelwa mwezi wa kumi na mbili, kwenye vibaraza vya mafundi, utakuta vipande vya vitenge vimefunika sakafu mpaka kwenye kanyagio la cherehani. Sare za harusi, madera, nguo za Krismasi, mashati ya watoto: kila nguo inaacha chake. Fundi anayekufahamu atakujazia kiroba, tena atakushukuru kwa kumsafishia. Humo ndimo tunamotoa vibanio vya nywele vya kitambaa chenye lastiki ndani, bendi za kichwa, maua ya klipu na vipepeo vya watoto. Na humo humo ndimo yanamotoka matatizo mengi ninayoletewa na mabinti wanaoanza kushona hapa Mbeya.

Wakija, huja wanailaumu cherehani au lastiki. Mara nyingi cherehani haina kosa. Anayenunua kitenge kizima anakijua: anaona ukingo wa kiwandani wenye maandishi, anajua urefu ni upi na upana ni upi, anamwuliza muuzaji kama ni pamba. Kipande cha kiroba hakina wa kumwuliza. Pamba imelala na poliesta, kilichokatwa kwa kunyooka kimechanganyika na kilichobaki kwenye duara la mkono. Kwa hiyo kabla sijaangalia mshono wa mtu, mimi hukiangalia kitambaa.

Kwanza ujue umeshika nini

Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni mwa kipande, zishike kwa kibano cha nyusi, ziguse kwenye moto wa mshumaa juu ya beseni, mbali na kiroba chenyewe. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni laini la kijivu, ukilifikicha linapotea. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani, huo ni mchanganyiko. Usidanganywe na maua ya kitenge; vitenge vingine vya bei ndogo ni poliesta tupu, na vinataka kushughulikiwa kama poliesta.

Halafu tafuta mwelekeo wa nyuzi. Vuta kipande kwa mikono miwili. Upande unaogoma kabisa ni wa mtande, nyuzi zilizokwenda na urefu wa kitambaa. Upande unaoachia kidogo ni wa mshindio. Ukivuta kona kwa kona kikarefuka kama unga wa chapati, huo ndio mshazari. Chora mshale kwa chaki kufuata mtande, upande wa ndani. Kazi hiyo haimalizi dakika moja, na inaokoa jioni nzima ya kufumua.

Vipande vya pamba vifue kabla ya kukata. Pamba mpya hupungua ikifuliwa mara ya kwanza, na kitenge kipya huwa na ugumu wa kiwandani ambao ukitoka, kitambaa kinabadilika kabisa mkononi.

Kibanio kimejipinda kama kamba ya katani

Niliwahi kupokea kazi ya vibanio 24 vya sare ya harusi moja ya Iringa. Kitenge kimoja, kipimo kimoja: upana inchi 4, urefu inchi 22, lastiki inchi 8. Kumi na tano vilikaa vizuri. Tisa vilijisokota, na kila nilipovinyoosha vilirudi vilevile. Nilifumua kimoja, nikakuta lastiki imelala sawa. Mshono ulikuwa umenyooka. Nilipokifungua kabisa na kukitandaza mezani, ndipo nikaona: vile tisa vilitoka kwenye mabaki ya mikono ya magauni, na mimi ili nipate inchi 22 nilikuwa nimelaza rula kona kwa kona. Vyote tisa vilikatwa kwa mshazari.

Kinachotokea ni hiki. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, mguu wake wa chuma hukandamiza cha juu. Kitambaa kilichokatwa kufuata mtande hakitikisiki. Cha mshazari hurefuka: safu ya chini inakwenda mbele, ya juu inabaki nyuma, na ukifika mwisho ncha mbili zimepishana robo inchi. Ukizilazimisha zikutane, umeshajenga msokoto ndani ya bomba la kitambaa, na pasi haiwezi kuuondoa.

Dawa ni kuacha kung'ang'ania urefu. Kata vipande viwili vifupi vinavyofuata mtande, kila kimoja inchi 11 na nusu, viunge kwa kuacha nusu inchi kila upande, utabaki na inchi 22 zako. Kiungio kinajificha kwenye mikunjo. Nimeshawauliza wateja wakionyeshe kiko wapi, hawakioni.

Lakini mshazari siyo sababu pekee, kwa hiyo pima kwanza. Fumua inchi 2 pale ulipofungia, ivute lastiki nje kidogo kwa vidole. Kama kitambaa kinakaa sawa mara tu lastiki ilipoachiwa, basi lastiki ndiyo ilijiviringisha wakati unaipitisha. Inyooshe, ishone upya. Kama kitambaa kinaendelea kujisokota chenyewe, ni mkato. Na kama msokoto uko sehemu moja tu, karibu na mwisho, huenda kitambaa kilikuwa sawa ila kilihama kwa sababu hukukibana. Weka pini kila baada ya inchi 3, na kwa satini kila baada ya inchi 2.

Hakivimbi, kimekuwa kama mkia wa panya

Hapa ni hesabu. Kitambaa kiwe mara mbili na nusu mpaka mara tatu ya lastiki. Kitenge kizito, kwa lastiki ya inchi 8, inchi 20 zinatosha. Satini au shifoni inataka 24. Upana ukishuka chini ya inchi 3 na nusu kwa mtu mzima, hata urefu uwe mwingi namna gani, hakivimbi. Kwa mtoto, inchi 3 kwa 16 na lastiki ya inchi 6 zinatosha.

Kama vipimo ni sahihi na bado kimekakamaa, kitambaa hakikufuliwa. Kifue sasa, hujachelewa.

Kilikuwa kinashika, sasa kimelegea

Swali langu la kwanza kwa anayelalamika ni: kililegea lini? Jibu la hapo linamaliza nusu ya kazi.

Kikilegea siku hiyohiyo kilipovaliwa, kiungio cha lastiki kimeteleza. Wengi hufunga fundo. Fundo la lastiki hujifungua taratibu kila linapovutwa, na lisipojifungua huwa nundu ngumu inayomuumiza mtu akilalia. Pandisha ncha moja juu ya nyingine kwa nusu inchi, shona kwenda na kurudi mara nne. Cherehani zetu nyingi za kanyagio hazina zigizaga. Mshono wa kawaida wa kwenda na kurudi unatosha, au shona kwa mkono.

Kikilegea baada ya kupigwa pasi, joto limeua mpira ulio ndani. Kitambaa hupigwa pasi kabla ya kuingiza lastiki. Baada ya hapo pasi isikiguse tena.

Kikilegea baada ya miezi michache, mafuta ndiyo yamekula. Mafuta ya nywele hupenya kitambaa, hufika kwenye mpira, na mpira haupatani na mafuta. Mwambie mteja akifue kila wiki kwa maji ya kawaida na sabuni, akianike kivulini. Kibanio ambacho hakifuliwi hufa mapema hata kama ulitumia lastiki nzuri kuliko zote.

Na kikiwa kimelegea tangu hujakimaliza, uliuziwa lastiki iliyochoka. Hili linauma, kwa sababu lastiki ndiyo karibu kitu pekee unachokinunua katika kazi hii. Lile bunda linaloning'inia mlangoni mwa duka, limepigwa jua kwa miezi, huonekana jipya kabisa. Nenda na futi kamba. Pima inchi 8, vuta mpaka 15 au 16, achia, rudia mara kumi, pima tena. Ikirudi 8, nunua. Ikibaki 8 na nusu, irudishe kwa heshima utafute duka jingine.

Kubadilisha lastiki hakuhitaji kufumua kibanio chote. Fungua inchi moja, kata lastiki ya zamani, ishone ncha yake kwa nyuzi mbili tatu kwenye ncha ya ile mpya, kisha vuta ya zamani kutoka upande wa pili. Mpya itafuata yenyewe mpaka itokeze. Hutahitaji hata pini ya nepi.

Wapo wanaokata mpira wa ndani wa baiskeli badala ya lastiki. Naelewa, ni wa bure. Lakini mafuta yanauozesha, na ukitokeza mahali penye tundu unang'ang'ania nywele na kuzing'oa. Kama huna lastiki, tengeneza bendi ya kufunga kwa mkono, haihitaji kabisa.

Nyuzi zinachomoka, mshono umeachia

Angalia uzi wa mshono kabla ya kulaumu chochote. Uzi ukiwa umekatika, ulitumia uzi uliooza au hatua za mshono wako ni ndefu mno. Vuta uzi mikononi: ukikatika kirahisi kama wa buibui, uweke kando. Uzi ukiwa mzima lakini kitambaa kimejivua kutoka kwenye mshono, uliacha ukingo mdogo nje ya mshono. Satini hasa ina nyuzi zinazoteleza. Robo inchi haitoshi, acha nusu. Kwa kitenge, robo na kidogo inatosha kama kingo zimefungwa.

Sasa kuhusu mshumaa, maana huu nauona kila wiki. Binti ameona mtu anapitisha ukingo wa utepe karibu na moto, ukingo unajifunga safi, naye akaenda kufanya hivyo kwenye kitenge chake. Kikawa cheusi, kikaendelea kuchomoka nyuzi, na kidogo awashe meza. Moto hufunga kingo za poliesta na nailoni kwa sababu huyeyuka. Pamba haiyeyuki, huungua. Ndiyo maana ile nyuzi uliyoichoma mwanzoni ina thamani: ikiacha kidonge, unaweza kutumia mshumaa, ukipitisha ukingo ubavuni mwa moto na siyo juu yake. Ikiacha jivu, tumia mkasi wa meno, au mpelekee jirani mwenye ovaloki, cherehani ya kufunga kingo, au pinda ukingo mara mbili.

Uzi unafanya kiota chini ya kitambaa

Kila mtu hukimbilia kukaza bobini. Iache. Kiota cha chini karibu kila mara husababishwa na uzi wa juu: haukupita katikati ya visahani vya mkazo, vile vinavyoubana uzi, au ulitunga wakati mguu umeshushwa na visahani vimebana. Inua mguu, tunga upya tangu mwanzo, shika nyuzi zote mbili nyuma ya mguu kwa hatua tatu za kwanza.

Ikiruka hatua kwenye satini, badilisha sindano. Iliyoshona jinzi asubuhi haiwezi kushona satini mchana. Namba 11 inafaa kitambaa chepesi, 14 kwa kitenge. Na hakikisha mfereji mrefu wa sindano unatazama upande uzi unakoingilia.

Bendi inateleza mpaka kisogoni

Bendi iliyonyooka, upana uleule mbele na nyuma, itateleza tu. Kichwa hakikunyooka, chini ya kisogo kinaingia ndani. Punguza upana nyuma mpaka inchi moja na nusu, weka hapo lastiki ya inchi 4 au 5, mbele acha upana unaoutaka. Pima kichwa kuzunguka pale bendi itakapokaa, toa inchi 2, hicho ndicho kipimo cha bendi ikiwa imekamilika. Watu wazima wengi wako kati ya inchi 21 na 23, lakini mwenye rasta nene anaweza kufika 25, kwa hiyo pima mtu mwenyewe.

Hapa ndipo mshazari unapopata heshima yake. Vile vipande vilivyonitesa kwenye vibanio vinafaa sana kwa bendi, maana vinaachia na kukumbatia kichwa. Usitupe.

Kama bado inateleza, gusa upande wa ndani. Satini juu ya nywele zenye dawa hakuna kinachoshika. Baadhi ya mafundi huweka pamba chini ili ishike. Inashika kweli, ila pamba hunyonya mafuta na unyevu wa nywele na kuzisugua pale mbele. Mimi huweka pamba nyuma tu, kwenye kisogo, na satini mbele.

Rangi imetoka kwenye paji la uso

Utaambiwa uloweke kwa chumvi na siki. Chumvi hufanya kazi wakati kitambaa kinatiwa rangi. Kitambaa kikishatoka kiwandani, haishikishi tena rangi iliyolegea. Kinachosaidia ni kufua kwa maji baridi mara kadhaa mpaka maji yatoke safi. Kisha lowanisha kipande kidogo, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi. Cheupe kikibaki cheupe, endelea. Kikichafuka baada ya kufua mara tano, kipande hicho kiende kujaza mto. Batiki nyekundu na bluu iliyokoza ndizo nisizoziamini bila kipimo hiki.

Ua limebanduka kwenye klipu

Haya ni malalamiko ya Juni na Julai. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za miezi hiyo chuma chochote kilicholala dukani ni baridi kama barafu. Njombe na Makete ndiyo zaidi, huko hata sakitu hushuka. Gundi ya kuyeyusha ikigusa klipu ya baridi huganda juu juu kabla haijashika. Ukiitazama unaona imekaa vizuri. Jioni ua liko sakafuni, na gundi imebaki kwenye ua, safi, yenye umbo la klipu.

Hilo umbo ndilo jibu lako. Gundi ikibaki yote kwenye ua, chuma kilikataa: kilikuwa cha baridi, au chenye mafuta ya kiwandani, au laini mno. Sugua klipu kwa msasa, ifute kwa spiriti, ipashe moto kidogo kwa kuilaza juu ya kitambaa kwenye ubavu wa pasi, ndipo utie gundi. Gundi ikibaki yote kwenye chuma, kitambaa ndicho kilichoteleza. Hutokea kwa satini. Ikigawanyika nusu kwa nusu, uliweka kidogo mno.

Ila mimi mwenyewe siiamini gundi peke yake. Kata duara dogo la kitambaa kigumu, kipasue matundu mawili, pitisha klipu humo, kisha shona duara kwenye ua kwa sindano na uzi. Gundi ibaki ya kusaidia tu.

Kinanuka ukungu

Wateja wangu wa Tukuyu ndio walionifundisha hili. Rungwe mvua hazina mapumziko marefu, na kibanio cha pamba nzito kina safu mbili zilizokunjamana. Nje kinakauka, ndani kinabaki na maji. Wakikitia kwenye mfuko wa nailoni siku mbili, kimeota madoa meusi. Kwa huko shona kwa kitambaa chepesi, au poliesta, ambayo haishiki maji. Kikishafuliwa kikunjuliwe na kuvishwa kwenye chupa ili mikunjo ifunguke na hewa ipite.

Nywele zinakatika, kichwa kinauma

Haya mengine yote ni ya kitambaa. Hili ni la mtu, na ndilo ninalotaka ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Binti anakuja, nywele za mbele zimerudi nyuma, zile laini za pembeni hazipo, na kibanio chake ni kizuri kweli. Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Ama lastiki ni fupi: inchi 5 au 6 kwa mtu mzima mwenye nywele nyingi inalazimika kuvuta kutoka kwenye mizizi. Ama kibanio hakina kosa, ila anakiacha siku nne bila kukitoa, hata usiku, pale pale.

Lastiki ya mtu mzima isiwe chini ya inchi 7. Mwenye nywele za asili zilizojaa, au rasta, mpe 9. Kibanio kizunguke mara mbili bila kulazimisha. Kikihitaji mara tatu, ni kirefu mno au kimelegea. Ndani ya vibanio vya kulalia tumia satini tupu, na umwambie mteja ahamishe sehemu ya kubana. Ukiona vipele kwenye mizizi au ngozi inang'aa pale palipovutwa kwa kubanwa, usimwuzie kingine. Mwambie aache kubana kabisa, na kama hazioti, aende hospitali akaonane na daktari wa ngozi.

Vya watoto

Watoto wengi wa shule za serikali hunyolewa, kwa hiyo vipepeo na mabutu ni biashara ya likizo na ya watoto wadogo wasioanza shule. Hao wadogo ndio wanaotia kila kitu mdomoni. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usiweke shanga wala kifungo. Katikati ya ua zungusha kitambaa chenyewe. Kwa wakubwa kidogo, shona kifungo kwa uzi uliokunjwa mara mbili, kisha kishike kwa vidole na ukivute kwa nguvu zako zote, kama mtu anayetaka kuking'oa. Kikitikisika, kata, shona tena.